Kadi za harusi za mashine ya mguu, Tabora

Miaka ishirini na mitatu nilikaa dirishani stesheni ya Tabora nikikata tiketi za Kigoma na Mwanza. Enzi hizo tiketi zilikuwa vile vikadi vigumu vyenye ukubwa wa kiberiti. Ukipitisha kidole gumba juu yake unasikia maandishi yamezama. Kwa hiyo binti yangu, aliyekuwa anaolewa, aliponiletea simu yake kunionyesha kadi za harusi za huko Marekani, "Baba, ona, herufi zimeingia ndani ya karatasi," nilicheka. Kitu hicho nimekishika mpaka nikakichoka, na mtu wa kukifanya yupo hapahapa, nyuma ya soko.

Jina la duka siandiki, maana malalamiko nitakuwa nayo na fundi ni mtu mzima mwenzangu. Ukifika uliza anayechapa vitabu vya risiti kwa mashine ya mguu, utaonyeshwa. Anasema kazi alijifunzia kwa mapadre Kipalapala, na mashine yake inakanyagwa kama cherehani. Tulipokuwa pale umeme ulikatika. Steshenari ya jirani yake, yenye kompyuta nne, ikanyamaza. Yeye aliendelea kukanyaga, akasogeza tu kiti karibu na mlango.

Binti alitaka wino wa dhahabu juu ya karatasi ya damu ya mzee. Fundi alikataa kabla hajamaliza sentensi. Wino wa mashine ile unakaa mwembamba, karatasi ya rangi nzito inaumeza, dhahabu inageuka rangi ya matope. Zile za dhahabu mnazoziona, alisema, zimebandikwa kwa joto, ni kazi nyingine. Basi tukageuza: karatasi nyeupe, wino wa damu ya mzee. Karatasi ya kung'aa nayo aliikataa, wino unabaki juu juu. Ikabidi tuagize Dar ile isiyong'aa, ya gramu 300, ikaja na basi.

Ugomvi wa pili ulihusu herufi zizame kiasi gani. Binti alitaka zizame sana, kama kwenye picha. Mzee alikunja uso. "Mimi nilifundishwa mtu akigeuza karatasi nyuma asione kitu. Kuzamisha ni kazi ya mwanafunzi." Na herufi zake ni za risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, ukizikandamiza sana zinalika, na akishaziharibu atazipata wapi nyingine? Wakakubaliana katikati. Kadi yangu ukiipitishia kidole unasikia, ukiigeuza unaona kivuli tu. Mimi naona mzee alikuwa sahihi, ila bi harusi ndiye mwenye shughuli.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kamati ya harusi ilituletea maneno ya kadi, na mnayajua maneno yenyewe: familia ya Bwana na Bibi fulani wa Isevya wanayo heshima na furaha kubwa kukualika/kuwaalika Mheshimiwa/Mchungaji/Dkt/Bw/Bi, halafu vituo na mistari kama fomu ya mkopo. Fundi aliyasoma, akafungua droo ya herufi, akahesabu kwa kidole, akasema haitoshi. Nini haitoshi? Herufi a.

Droo ile, alinieleza, ilipangwa kwa Kiingereza. Wao wanakula sana e, kwa hiyo e zimejaa chumba kikubwa kuliko vyote. Sisi tunakula a. Akaniandikia kwa penseli "wanayo furaha kukualika": maneno matatu, a sita, e hakuna hata moja. Nimesema Kiswahili tangu nizaliwe, sikuwahi kuliona hilo. K nazo zilikuwa zinakaribia kuisha.

Tukakaa pale kwenye benchi, mimi, binti na mzee, tunapunguza a kama watu wanaopunguza bajeti. "Heshima na" ikatoka. "Kubwa" ikatoka. Mheshimiwa na wenzake wote wakatoka, ikabaki mistari ya kuandika jina kwa mkono. Mweka hazina wa kamati alipinga kwa simu, akasema wageni wataona tumewadharau. Hakuna aliyelalamika. Kwa miaka mingi nimepokea kadi ambazo nikifika mwisho nimesahau harusi ni lini. Hii tarehe unaiona kwanza.

Nilimtazama akipanga. Anaokota herufi moja moja, zimegeuzwa kama kwenye kioo na kichwa chini, anazilaza kwenye kishikio cha chuma mkononi bila kuangalia droo. Prufu ya kwanza, yaani karatasi ya majaribio, ilitoka "Jnmamosi". Ukiziona zilivyogeuzwa utamsamehe, n na u hapo ni mapacha. Alitoa n kwa koleo dogo, akapachika u, dakika moja. Wapeni watu wawili wasome prufu, na mmoja awe ambaye hakuandika maneno.

Picha ya tawi la mwembe hakuwa nayo, na bloku ya zinki, yaani bamba la kuchapia picha, angeagiza Dar. Akachonga mwenyewe kwenye kipande cha lino, lile tandiko la sakafu linalochongeka, akakigandisha juu ya kibao cha mninga. Herufi zote zina kimo kimoja, milimita 23 na ushei, na kibao kikipungua hata kidogo tu picha inafifia. Jani la kushoto lilitoka hafifu. Alichana kikaratasi chembamba, akakibandika chini ya kibao usawa wa jani hilo tu, akakanyaga tena. Jani likaja. Tawi ni la kijani, na kila rangi ni mzunguko wake: mashine isafishwe kwa mafuta ya taa, karatasi zirudi mdomoni moja moja kwa mkono. Kadi 150 zilipita mara mbili.

Bei ilikuwa shilingi 4,000 kwa kadi, nusu mkononi kabla ya kuanza. Si rahisi. Wenye haraka tumieni za WhatsApp.

Malalamiko sasa. Alichelewa siku sita, na kila nikienda nakuta anachapa risiti za mtu mwingine. Pili, wino wa mafuta unakauka polepole na yeye alizipanga kadi zikiwa mbichi. Kumi na moja zilipata doa mgongoni. Alikubali kurudia bila malipo, lakini karatasi ya akiba hatukuwa nayo, maana hakutuambia tuongeze. Agizeni kumi na tano zaidi hata asiposema. Tatu, bahasha hashughuliki nazo. Za sokoni zilikuwa fupi kwa kidole kimoja, tukahangaika mpaka Mwanza. Pimeni bahasha kwanza, ndipo mkate kadi.

La mwisho ni namba. Badala ya zile alama za kuskani mlangoni, alitufungia kwenye mashine kile kichuma cha namba anachotumia kwa risiti, kinachojisogeza chenyewe kila kadi inapopita. Niliipenda sana ile, nikamwambia hata stesheni tulikuwa tunafanya hivyo. Kumbe kiligoma mara moja. Siku ya harusi mlangoni zikaja kadi mbili za namba 074: moja ya mwenyekiti wetu wa mtaa, ya dabo, yaani ya watu wawili, na nyingine ya binamu yangu wa Urambo aliyekuja na debe la asali. Vijana wa mlangoni wakaniita. Nikazishika zote mbili, nikazipitishia kidole, zote halali. Wakaingia watatu. Mweka hazina bado ananiuliza sahani ile moja ililipiwa na nani.