Waliokuja kupima kisima chetu baada ya tanki la sheli kuvuja, Kigamboni: nyota 4

Naandika hii kwa yeyote mwenye kisima karibu na sheli, hasa hizi za zamani, maana mi nimelipa watu mara mbili na hela ya mara ya kwanza ilipotea bure kabisa.

Huku kwetu ni mchanga mtupu na maji hayako mbali, ukichimba mita nne tano unayakuta. Mwaka jana masika ilipoisha mama mkwe akaanza kusema chai ina ladha ya mafuta ya taa, tukasingizia sufuria. Baadae ndoo ikilala usiku, asubuhi juu unaona zile rangi rangi kama upinde wa mvua. Kumbe sheli iliyo kama mita 70 kutoka kwetu ina tanki la chuma la siku nyingi limeliwa na kutu, kila wakipiga dipu, yaani wakipima kimo cha mafuta kwa kijiti, mafuta yanapungua, wao wakawa wanawashuku vijana wa pampu.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana mmoja na chupa tupu ya maji ya dukani. Akachota kwenye simtanki, akapanda bodaboda nayo juani, siku tano baadae tukaletewa karatasi moja ya chumvi, pH na bakteria, maji yanafaa. Laki tatu na nusu. Mafuta hayakupimwa kabisa! Na hata yangepimwa, benzeni, ile kemikali ya kwenye petroli inayosababisha saratani ya damu, inapaa hewani upesi sana, kwa hiyo maji yaliyolala kwenye simtanki halafu yakatikiswa kwenye chupa nusu tupu yanafika maabara ishapungua sana. Hii nimeijua baadae, na iliniuma, maana kwa ile karatasi tulikunywa wiki tatu zaidi.

Wa pili ndio ninaowapa nyota. Mjiolojia wao, dada mmoja mtulivu, alikaa barazani karibu saa nzima kabla hata ya kushusha vifaa, anauliza harufu ilianza lini, pampu tunawasha saa ngapi, nani mwingine ana kisima, choo kiko upande gani. Halafu akaniambia, "Mama, zima pampu leo, kila ukivuta maji unayavuta na mafuta yaje kwako." Petroli ikifika kwenye maji ya ardhini inaelea juu yake, ila kuna sehemu inayeyuka na hiyo ndo inasafiri na maji, na maji yakipanda masika na kushuka kiangazi yanaupaka udongo mafuta juu na chini, kwa hiyo hata tanki likitolewa leo udongo unaendelea kuvujisha mafuta kwenye maji muda mrefu.

Wakatoboa mashimo manne kwa mkono, kila nusu mita wanatia udongo kwenye mfuko, wanaufunga, wanausubirisha kidogo kisha wanachomeka kamashine kanakopima mvuke. Udongo wa juu karibu na sheli hausemi kitu, ukikaribia usawa wa maji namba zinaruka. Mashimo matatu wakayageuza visima vidogo vya kupimia, bomba la plastiki lenye mikato, kokoto nyembamba pembeni, juu wakaziba na bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasishuke pembeni ya bomba. Nikauliza kwa nini matatu wakati kisima changu kipo? Akanichorea kwenye mchanga: ukiwa na sehemu tatu ukapima kimo cha maji kila moja, unajua maji yanaelekea wapi, na ukijua yanaelekea wapi unajua nani anafuata kupata sumu. Kwa hili tu hela yangu ilirudi. Maji yanaelekea kwa jirani zetu wa upande wa bahari, ambao kisima chao hakinuki chochote, na kilipopimwa kilikuwa na benzeni mikrogramu 31 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Chetu 240. Kwa hiyo jamani msitegemee pua! Na kuchemsha siyo dawa, mvuke unaupumulia jikoni, na dawa ya klorini haiondoi petroli.

Sampuli zao walichukua kwenye vichupa vya mililita 40 vyenye tindikali kidogo, vimejaa mpaka mdomoni, ukivigeuza huoni hata kipovu, moja kwa moja kwenye barafu. Kulikuwa na kichupa kimoja cha maji safi kilichotoka maabara kikarudi maabara bila kufunguliwa, ili kikikutwa na petroli wajue uchafu uliingia njiani.

Kwa nini nyota moja nimeikata: waliahidi ripoti wiki tatu ikaja ya sita, na watoto wapo, unanunua maji ya dumu kila siku. Ripoti yote Kiingereza, kurasa 70 na zaidi, ilibidi nimwombe dada arudi kuwaeleza majirani kwa mwenyekiti wa mtaa, alirudi bila kudai nauli lakini ningependa wangeandika hata kurasa mbili za Kiswahili. Na udongo wenye mafuta waliuacha kwenye viroba getini siku nne, watoto wanapita hapo hapo.

Bei milioni 7 na laki 8, tulichanga nyumba sita. Ukitafuta watu waulize kama wamesajiliwa NEMC, lile baraza la mazingira, watatoboa visima vingapi, maabara gani inapima benzeni, na kama watarudi kiangazi na masika. Wakikwambia sampuli moja inatosha waache. Ripoti tumeipeleka NEMC na EWURA, wanaosimamia biashara ya mafuta, sheli imelifunga lile tanki. Pampu yetu bado imezimwa, wanarudi kupima tena kabla ya vuli.