Ziara ya majumba ya kale ya Charleston: walinionyesha mlango wa mbele, uani wakapakataa

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya majumba yenyewe, si ya kampuni iliyonitembeza. Jina lao siliandiki, lakini kwa mtindo wao mtawatambua: ni wale wanaosifia mageti ya chuma na harusi za matajiri, kisha ukiuliza habari za uani wanakugeuzia mgongo.

Ilikuwa msimu wa joto, Charleston, Carolina Kusini, mitaa ya kusini mwa Broad Street. Kundi letu lilikuwa na mama mmoja wa makamo, Mmarekani mweusi, mtulivu kabisa. Mbele ya jumba moja la karne ya 18 akauliza swali fupi: mpishi wa nyumba hii alikuwa analala wapi? Kiongozi akamjibu, "Mama, hii ni ziara ya usanifu wa majengo. Kwa habari hizo kuna makumbusho kule bandarini." Akaanza kutembea kabla mama hajafunga mdomo. Nilipolirudia swali lile lile mimi, nikaambiwa nachelewesha wenzangu.

Ujeuri tu ungetosha kunikasirisha. Kilichonichoma zaidi ni kwamba swali la yule mama LILIKUWA la usanifu. Asiyeweza kulijibu hawezi kueleza jengo lolote katika mitaa ile.

Viwanja vya matajiri wa Charleston vilipimwa vyembamba na virefu. Jumba kubwa lilikaa mbele. Nyuma yake lilifuata jengo la jiko na kufulia, kisha banda la farasi na magari ya kukokotwa, na mwisho kabisa vyoo, vyote ndani ya ukuta wa matofali. Jiko lilitengwa kwa sababu ya moto na joto. Juu ya jiko, juu ya kufulia na juu ya banda la farasi ndiko walikolala watumwa. Yatazame majengo hayo ya nyuma: mara nyingi upande wa jirani ni ukuta mtupu, na madirisha yote yanatazama ndani, uani, ambako bwana akiwa ghorofani kwake anaona nani anaingia na nani anatoka. Jiko halikuwekwa pale kwa bahati. Ramani nzima ilichorwa pia kwa ajili ya kuwazuia watu wasitoke.

Hata lile geti alilolisifia kiongozi hadi miguu ikatuuma! Nyumba ya Miles Brewton, namba 27 King Street, iliyokamilika mwaka 1769, ina miiba mirefu ya chuma juu ya uzio. Miiba ile huhusishwa na hofu ya mwaka 1822, njama ya uasi wa watumwa ya Denmark Vesey ilipogunduliwa na watu 35 wakanyongwa, Vesey mwenyewe akiwa mmoja wao. Vesey alikuwa fundi seremala, aliyejikomboa utumwani kwa pesa za bahati nasibu. Fundi wa mji huohuo, katika ziara ya "usanifu", na jina lake halikutajwa hata mara moja.

Haki yake nimpe kiongozi: alieleza vizuri ile nyumba ya upana wa chumba kimoja ambayo Charleston inajulikana nayo. Ubavu mwembamba unatazama barabara. Kila ghorofa ina vyumba viwili, na ngazi katikati. Baraza ndefu, wenyewe wanaiita piaza, inapita ubavuni, kwa kawaida upande wa kusini au magharibi ili ikinge jua na kushika upepo. Mlango unaouona barabarani haukuingizi ndani ya nyumba, unakuingiza barazani. Mlango wenyewe wa nyumba uko katikati ya baraza. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota mbili, pengine tatu.

Kisha akaharibu. Akasema nyumba ni nyembamba kwa sababu watu walikwepa kodi ya upana wa mbele. Hadithi hiyo wanahistoria wa mji wameikataa zamani. Viwanja vilikuwa vyembamba na joto ni kali, basi. Akaendelea kudai kwamba mabamba ya chuma yaliyoko kwenye kuta, ya mviringo, ya msalaba, ya nyota, mengine yamefunikwa vichwa vya simba, ndiyo yaliyoziokoa nyumba kwenye tetemeko kubwa. Kinyume chake! Tetemeko lilipiga tarehe 31 Agosti 1886, karibu saa nne usiku, na nyingi ya nondo zinazoshikwa na mabamba hayo ziliwekwa BAADA ya hapo, kuta zikiwa zimeshaachana na sakafu na kulalia nje. Fundi alitoboa ukuta kwenye usawa wa sakafu, akapitisha nondo hadi ukuta wa pili, akaweka bamba kila upande, kisha akakaza kwa hesi ili kuta zivutane. Ndiyo maana ukiliona bamba moja, zunguka utafute mwenzake ukuta wa pili kwenye usawa uleule. Usipompata, huenda unatazama pambo. Na nondo zenyewe si dawa kamili. Chuma kikipata unyevu wa pwani kinapata kutu, kutu inavimba, na matofali yanapasuka kuzunguka bamba lilelile lililowekwa kuyashika.

Kosa lililonimaliza ni la matofali. Alionyesha ukuta ambao nyuso za matofali zilikuwa zinabanduka kama maganda, akasema "ni uzee". Si uzee, ni saruji. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, nyingi ikiwa ya maganda ya chaza yaliyochomwa, laini kuliko tofali lenyewe. Maji yakiingia ukutani yanatokea kwenye viungo, na kiungo kikichoka kinakwanguliwa na kujazwa upya. Akija fundi wa karne ya 20 akajaza saruji ngumu, maji yanakosa njia, yanatokea kwenye tofali pamoja na chumvi, na uso wa tofali unamomonyoka huku saruji ikibaki imechomoza. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi, maana ugonjwa huu tunao kwenye kuta zetu za matumbawe. Na kama uko karibu na ukuta, angalia tofali mojamoja. Mengine yana alama za vidole vya waliolifinyanga, watumwa wa viwanda vya matofali vya kando ya mito, na wapo waliokuwa watoto. Kiongozi wetu alipita hapo bila kugeuza shingo.

Sasa raha, maana raha ipo, na iko namba 48 Elizabeth Street: nyumba ya Aiken-Rhett. Ilijengwa mwaka 1820, ikapanuliwa na William Aiken mdogo, aliyekuwa gavana wa Carolina Kusini kuanzia 1844 hadi 1846, na ikabaki mikononi mwa familia hadi 1975. Waliokuja kuitunza hawakuipaka rangi upya. Karatasi za ukutani zinaning'inia zilivyokutwa, plasta imepasuka ilivyopasuka, wanachozuia ni kuharibika zaidi tu. Na uani kupo wazi! Majengo mawili marefu yanatazamana: huku jiko, kufulia na vyumba vya watumwa juu, kule farasi chini na watu juu. Unapanda mwenyewe, unasimama kwenye chumba, unatazama dirishani, na unaona ni nani aliyekuwa anaangaliwa. Maelezo unayasikiliza masikioni, hakuna wa kukuharakisha. Nyota tano, bila kusita.

Hapo pia ndipo unapoielewa pesa. Nyumba ya mjini ilikuwa mwisho wa mnyororo tu. Aiken alimiliki kisiwa cha Jehossee, shamba la mpunga lililokuwa na watumwa wapatao 700. Mpunga ule ulimwagiliwa kwa maji ya kupwa na kujaa: bahari ikijaa inasukuma maji matamu ya mto juu, unafungua mlango wa mbao kwenye tuta, shamba linajaa, bahari ikipwa unafungua tena linakauka. Kila tuta na kila mfereji ulichimbwa kwa majembe na watu waliotokea Angola na Kongo, Senegambia na Sierra Leone, na wachache waliopakiwa Msumbiji, upande wetu. Mwisho wa 1803 Carolina Kusini iliifungua tena biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika, na hadi ilipopigwa marufuku mwanzoni mwa 1808 wakaingizwa maelfu kwa maelfu.

Kwamba majumba haya bado yamesimama, shukrani kubwa iende kwa umaskini. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 wenye majumba hawakuwa na pesa za kuvunja na kujenga upya. Hata hivyo ilikuwa chupuchupu: bustani ya nyumba ya Joseph Manigault, ya mwaka 1803, iligeuzwa kituo cha mafuta, na mbao za baadhi ya vyumba vya nyumba ya John Stuart ziling'olewa zikapelekwa makumbusho ya mji wa Minneapolis, mbali kaskazini. Susan Pringle Frost na wenzake walianzisha chama cha kuzitetea mwaka 1920, na mwaka 1931 mji ukapitisha sheria ya kulinda eneo la kale, ya kwanza Marekani.

Nyota zangu nazihesabu upya. Nilisema moja. Mji ulikuwa na mtihani wa leseni kwa viongozi wa watalii, lakini mahakama ya shirikisho iliufuta ulazima wake mwaka 2018 kwa hoja ya uhuru wa kusema.  Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbele yako akadanganya kuhusu kodi, nondo na matofali, na bado ukamlipa. Makosa hayo ningeyasamehe, mtu hujifunza. Kumkata kauli mama mzima aliyeuliza kwa adabu, hapana. Sifuri.

Mkienda, nendeni wenyewe. Anza Aiken-Rhett asubuhi, maana ndani hakuna kiyoyozi na joto la mchana la Julai halifai, na chukua visikilizi vyako. Anzia uani, jumba kubwa lifuate. Kisha teremka hadi Manigault, namba 350 Meeting Street, ni mwendo mfupi. Nyumba ya Nathaniel Russell, namba 51 Meeting Street, iko kama kilomita mbili kusini. Watu huenda kwa ajili ya ngazi yake inayojizungusha ghorofa tatu bila nguzo, na kweli inastahili. Ila uliza habari za jengo la jiko. Nyuma ya kuta zake watafiti walikuta viota vya panya vyenye vipande vya karatasi zilizochapishwa, katika jimbo ambalo mwaka 1834 lilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma. Soko la watumwa la zamani, namba 6 Chalmers Street, liko njiani. Na kabla ya kutoka hotelini angalia saa za maji kujaa: bahari ikijaa siku ya mvua, mitaa ya chini hufurika na viatu vya ngozi vinaharibika.