Nachambua wakeup-source: neno moja linaloamsha bodi iliyolala

Wadau karibuni, leo nachambua kitu kidogo ambacho watu wa draiva wanakiruka sana, wakeup-source ya kwenye divaisi trii, yaani lile faili linaloieleza kerneli ya Linux bodi ina vifaa gani, kila kifaa na nodi yake.

Angalieni hapa, bodi hii ina skrini ya kugusa iliyokaa kwenye I2C (basi la nyaya mbili la kuunganisha vifaa vidogo), nailaza kwa kuandika mem kwenye /sys/power/state, nagusa skrini, kimya kabisa. Sasa naongeza wakeup-source kwenye nodi ya skrini, haina thamani yoyote, ipo au haipo basi, nakompaili dtb (divaisi trii iliyokwisha kompailiwa), nabuti, nalaza tena, nagusa... mmeona? Imeamka! Na draiva sijaigusa hata mstari mmoja, kwa sababu kwenye I2C kerneli yenyewe inaiona hiyo alama na kuiandaa interapti, ile ishara ya kifaa kuiita prosesa, iweze kuamsha.

Ila utamu wenyewe uko kwenye interapti mbili. Kuna chipu ambazo ile kontrola ya kawaida ya interapti inakatiwa umeme mashine ikilala, sasa hata kifaa kipige kelele vipi nani atasikia? Hapo unahitaji waya wa pili uende kwenye kontrola inayobaki macho, unaandika interrupts-extended maana wazazi, yaani kontrola zinazopokea interapti, ni wawili tofauti, afu kwenye interrupt-names unaweka "irq" na "wakeup". Hilo jina la pili usilikosee, kerneli inatafuta neno hilohilo. Mimi naupenda sana mpango huu, ukisoma nodi tu unajua waya gani ni wa kazi na upi wa kuamsha. Kwenye chipu za OMAP za Texas Instruments hata pini ya RX (ya kupokea data) ya siriali inaweza kuamsha mashine, ila herufi ya kwanza uliyobonyeza ndo inapotea, kwa hiyo bonyeza enta kwanza ndo uandike.

Kinachoniudhi ni dts (faili za chanzo za divaisi trii) za watengenezaji wengine, wanabandika wakeup-source kila nodi, bodi inaamkaamka yenyewe betri inaisha, yaani inakera! Hii alama inasema kifaa *kinaweza* kuamsha, uamuzi wa mwisho wa kuruhusu ni wa mtumiaji, kile usichokitaka andika disabled kwenye faili lake la power/wakeup ndani ya /sys. Ukitaka kumjua msumbufu soma /sys/power/pm_wakeup_irq, kama hulioni washa CONFIG_PM_SLEEP_DEBUG unapokompaili kerneli, chukua hiyo namba katafute kwenye /proc/interrupts, jina la kifaa liko mwisho wa mstari.