Kamera ndogo kwa mkazi wa Dodoma: anza na mkono, megapikseli baadaye

Muuzaji atakutajia megapikseli kwanza. Mwache amalize, kisha omba uishike kamera kwa mkono mmoja. Kidole cha shahada kifikie kitufe cha kupigia bila kujinyoosha, na gumba lipate pa kuegemea bila kubonyeza kitu. Toka nayo nje ya duka saa saba mchana uone kama skrini bado inasomeka. Uliza pia kuhusu vumbi: lenzi inayochomoza na kurudi ndani huingia na vumbi, na upepo wetu wa kiangazi tunaujua.

Kwa vigezo hivyo, ya kwanza kwangu ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019. Lenzi yake haichomozi kabisa, na bodi imezibwa isipitishe vumbi wala maji mpaka kina cha mita 15. Mbele ina kinundu cha kukamatia vidole. Ukipanda mawe ya Kolo kutazama michoro ya Kondoa, iliyo Urithi wa Dunia tangu 2006, mkono mmoja uko kwenye mwamba. Hapo ndipo utaipenda. Ukinunua iliyotumika, fungua mlango wa betri ukague ule mpira wa kuzibia. Ukiwa na ufa, au hata chembe ya mchanga, kinga hakuna. Sensa yake, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo picha za usiku hutoka na chengachenga.

Ya pili ni Canon PowerShot G7 X Mark III, gramu 304. Sensa yake ya inchi 1 ni kubwa kuliko ya TG-6, ina kishikio kizuri, na skrini hugeuka kukutazama. Kwa harusi au mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ningeichukua hii kabla ya ile ya kwanza. Lakini lenzi huchomoza, basi ikae kwenye pochi ya zipu.

Sony RX100 VII naiweka ya tatu, ingawa ina zumu ndefu ya kuvuta vilivyo mbali na kitundu cha kuchungulia kinachoshinda jua. Uso wake ni laini mno. Kiganja kikitoka jasho inateleza. Nunua na kishikio cha kubandika siku hiyohiyo.

Ricoh GR III, gramu 257, inakaa mkononi kuliko zote. Haina zumu, haikuzibwa vumbi, na betri yake huisha mapema. Hapa kwetu naiacha ya mwisho.