Uzoefu wangu na kinga ya STO katika invata za ABB ACS580

Katika kinu cha kusaga mahindi ninakofanya kazi ya ufundi umeme, invata za ABB ACS580, yaani vifaa vya kudhibiti kasi ya mota za umeme, huendesha mikanda ya kubebea nafaka pamoja na feni za kufyonza vumbi. Kuhusu kuokoa umeme wauzaji wamekwisha kusema ya kutosha. Mimi ninaitathmini kinga moja tu iliyojengewa ndani ya mashine hizi, inayoitwa STO (Safe Torque Off), ambayo kazi yake ni kuinyima mota nguvu ya kuzunguka ili isianze kuzunguka bila kutarajiwa. Kinga hiyo imefafanuliwa katika kiwango cha IEC 61800-5-2, na katika ACS580 inafikia daraja la SIL 3 na PL e, ambavyo ni vipimo vya kuaminika kwa kinga za usalama.

Muundo wake unanipendeza. Kuna njia mbili, IN1 na IN2, na kila moja lazima ipate volti 24 ndipo transista za nguvu zipokee amri ya kuiendesha mota. Umeme ukikatika katika njia yoyote, amri hizo hazifiki. Hakuna kontakta (swichi kubwa ya sumaku) inayochakaa wala ncha za kuungua.

Shida niliyokutana nayo ilitoka kwa mkandarasi aliyezifunga. Invata hutoka kiwandani zikiwa na vipande vya waya vinavyounganisha njia zote mbili na volti 24, ili anayeifunga aweze kuijaribu. Katika mojawapo ya mashine zetu vipande hivyo viliachwa palepale, na kitufe cha dharura kikaunganishwa kwenye ingizo la kawaida la kuwasha na kuzima. Ukikibonyeza, mkanda ulisimama vizuri kabisa, na kila mtu aliridhika, ingawa STO haikuhusika hata kidogo.

Ndiyo maana sikubali jaribio la kubonyeza kitufe na kutazama tu kama mota imesimama. Kwanza ninaijaribu ikiwa imesimama: ninaiwasha STO, yaani ninakata volti 24 za njia zote mbili, kisha ninatoa amri ya kuendesha, na mota haipaswi kusogea. Baadaye ninairudia ikiwa inazunguka, ninafuta hitilafu, na kujaribu tena kuiwasha kabla ya kuiondoa STO. Sehemu ambayo mafundi wengi huiruka ndiyo yenye maana zaidi, nayo ni kufungua njia moja huku nyingine ikibaki na umeme. Hapo invata lazima itoe msimbo wa hitilafu FA81 kwa njia ya kwanza na FA82 kwa njia ya pili, tofauti na msimbo 5091, ambao kwa mpangilio wa kawaida huonekana njia zote zinapofunguka pamoja. Bila hatua hii, ncha ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyogandiana katika njia moja inaweza kukaa muda mrefu ikifichwa na njia iliyo nzima.

Mwongozo wake unashauri kinga hii ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwetu tunafanya hivyo kinu kinaposimamishwa kwa matengenezo makubwa, na vilevile kila waya au ubao wa udhibiti unapoguswa, kisha anayejaribu anatia saini.

Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi ayajue. STO haifungi breki: feni nzito huendelea kuzunguka kwa kasi yake hadi iishe yenyewe, kwa hiyo pale ambapo mtu anaweza kuufikia upanga wa feni, omba mpangilio wa SS1, unaopunguza kasi kwanza na kuiwasha STO baadaye, ambao unaweza kufanywa kwa rilei ya usalama ya nje yenye ucheleweshaji. Pili, STO haikati umeme. Kabla ya kufungua sanduku la mota bado ninazima swichi kuu, ninaifunga kwa kufuli, ninasubiri dakika 5 kapasita ziishiwe chaji, na ninapima kwa mita.

Kwa mikanda ningenunua tena invata hizi bila kusita, ila mkandarasi alipwe baada ya FA81 na FA82 kuonekana kwenye skrini mbele ya fundi wa kiwanda.