Nimetoa gia boksi ya auto kwenye Toyota Mark II GX100 nikaweka manual, uzoefu wangu

Gia boksi ya auto ya Mark II yangu, ile ya injini ya 1G silinda 6, ilianza kusilipu mwaka jana, ukikanyaga mafuta injini inalia weee gari haiendi, haidroliki (oili ya gia boksi) tulivyoimwaga nyeusi tii inanuka kuungua. Kufunga auto nyingine ya mtumba nikaogopa, unajuaje imeliwa kiasi gani? Nikashuka zangu Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, kutafuta manual.

Muuzaji kanipa gia boksi na leva yake, akasema hapo kaka umemaliza. Wapi! Kwenye auto, nyuma ya injini kuna kibati chembamba kama sinia, toki konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya auto) ndo inafungwa pale, habari ya klachi hakuna. Manual inataka flaiwili, lile dude zito la duara ambalo klachi inafungwa juu yake, na bolti za kile kibati ni fupi hazifai kulifungia, msije mkalazimisha. Nikarudi tena kununua flaiwili na bolti zake, klachi pleti, presha, rilizi bearing, peda, masta silinda na ile silinda ndogo ya chini, halafu propela shafti ya auto urefu ukagoma nayo ikatafutwa ya manual. Laki 7 ya gia boksi mpaka namaliza ilishazaa mara mbili. Ningejua ningechukua seti nzima kwenye gari moja iliyokatwa.

Kilichoniuma ni kibearing cha kwenye tako la kranki, kinachoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Kranki ya auto haina hicho kitu, fundi kasahau na mimi sijui, basi ukiweka gia inakwaruza krrr, boksi ikashushwa tena siku nzima kwa ajili ya kitu kinachopotea kiganjani!

Ila gari imekuwa nyepesi, mlimani naichezea nitakavyo. Gia boksi naipa 4 kwa 5, muuzaji 1.

Kimebaki kimoja. Auto inawaka ikiwa P (paki) au N (huru) tu, kuna swichi kwenye boksi, ukiitoa starter haipigi kabisa, fundi akaunga waya zake mbili moja kwa moja. Sasa inawaka kwenye gia yoyote, juzi waifu kapiga ufunguo iko gia namba moja, ikaruka ikapasua ndoo ya jirani. Jumamosi naweka swichi kwenye peda ya klachi ili iwake ukiwa umekanyaga klachi tu, ndoo nimeshalipa.