Kabla Hujanunua Remasta Nyingine ya Roki

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni yale yale. Mtu amesoma uhakiki, ameona nyota tano, amelipia remasta, yaani toleo jipya lenye sauti iliyoandaliwa upya, la albamu aliyoipenda tangu ujana, na kufika wimbo wa nne kichwa kinamgonga. Anadhani masikio yake yamezeeka. Masikio hayana kosa, na nyota tano nazo si za uongo. Tatizo ni kwamba nyota zilikuwa za nyimbo, ilhali pesa imetolewa kwa toleo, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mtazame mhakiki anavyofanya kazi. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka 1969, jarida la Rolling Stone liliiponda. Pinkerton ya Weezer ilipokewa kwa baridi 1996, kisha toleo lake la kifahari la 2010 likapewa kumi kwa kumi na Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki. Kwa hiyo uhakiki wa albamu iliyorudishwa sokoni mara nyingi ni hukumu ya rufaa: mhakiki wa leo anafuta alama walizotoa waliomtangulia. Aya sita ni historia ya bendi, aya moja ni nyimbo za ziada, na fundi aliyerimasta anapata nusu sentensi, akibahatika. Wewe mnunuzi ulihitaji hiyo nusu sentensi iwe aya tatu.

Sitaongelea jalada wala kijitabu cha picha. Gramu 180, ule uzito wa santuri unaotangazwa kama sifa, nazo nazipita: santuri nene haichezi vizuri kuliko nyembamba, kwa sababu sindano inasoma mfereji, haipimi uzito. Mimi naangalia kitu kimoja tu, mbano wa sauti.

Fundi akitaka albamu isikike kubwa kuliko ya jirani, anainua sauti zote na kukata vilele vyake kwa limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani. Pigo la ngoma linalopaswa kuruka mbele ya gitaa linarudishwa kwenye mstari mmoja na kila kitu. Dakika mbili za kwanza unasisimka. Baada ya hapo hakuna kupanda wala kushuka, na sikio linachoka bila kujua limechoshwa na nini. Ukitaka kuona kwa macho, fungua wimbo kwenye programu ya bure ya Audacity. Wimbo uliopumua una milima na mabonde, uliobanwa ni ukuta mnene toka mwanzo hadi mwisho.

Mfano unaojulikana zaidi ni Death Magnetic ya Metallica, 2008. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD, wakaandika hadi ombi la kutaka albamu ifanywe upya. Aliyeimasta, yaani fundi wa hatua ya mwisho ya sauti, Ted Jensen, alisema miksi (nyimbo zikiwa zimeshaunganishwa sauti za vyombo vyote) zilimfikia zikiwa tayari zimeshabanwa. Californication ya Red Hot Chili Peppers ya 1999 ina ugonjwa huo huo, sauti inapasuka waziwazi kwenye hedifoni. Rush walikuwa waungwana zaidi: Vapor Trails ya 2002 iliwakera wao wenyewe, wakaitoa upya mwaka 2013 ikiwa imemiksiwa tena toka mwanzo. Na kinachonichosha ni kwamba ubabe huu hauna faida tena. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo zote kwenye kiwango kimoja, takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo aliyebana kwa nguvu anateremshwa kama wengine na kubaki na ule ubapa wake tu.

Tahadhari moja kwa wanaopenda namba. Kuna hifadhidata za mtandaoni zinazoorodhesha upana wa sauti, yaani tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, wa kila toleo, na santuri karibu daima huonekana bora kuliko CD. Usizishike kama msahafu. Santuri iliyokatwa kutoka faili lile lile lililobanwa inaweza kupata namba nzuri zaidi kwa sababu tu ya jinsi sindano na mfereji vinavyoyumbisha vilele vya sauti. Namba inapanda, mbano upo pale pale.

Sasa orodha yangu ya matoleo, kuanzia bora hadi mkiani. Nafasi ya kwanza, na sifichi mapenzi yangu: santuri za Rhino High Fidelity. Mfululizo huu ulianza 2023, na toleo la kwanza la roki lilikuwa albamu ya mwanzo ya The Cars. Fundi Kevin Gray anakata moja kwa moja kutoka kwenye kanda za masta (kanda asili za albamu) za analogi, bila kupitia kompyuta, na hilo limeandikwa wazi, jina la fundi na chanzo cha sauti. Ndicho ninachowadai wote wengine. Ukiipata mkononi, iinamishe chini ya taa utazame ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Utaona herufi zilizochorwa kwa mkono, KPG, nyembamba kama mikwaruzo. Sehemu hiyo ndiyo shahada ya kuzaliwa ya santuri. Nakala za mwanzo za Led Zeppelin II za mwaka 1969 zinatafutwa kwa sababu ya herufi mbili tu za hapo, RL, yaani Robert Ludwig. Aliikata kwa nguvu hadi sindano za vicheza santuri vya bei rahisi zikaruka, na kampuni ikaagiza ikatwe upya kwa upole. Leo ile iliyokataliwa ndiyo inayouzwa ghali.

Hapo ndipo wauzaji wananipandisha presha. Mtu anauza santuri mtandaoni, anapiga picha kumi na moja za jalada, pamoja na pembe iliyokunjika, na hata moja ya zile herufi hakuna. Ukimuuliza anakujibu, "ni orijino, dada." Orijino ya nini? Mmoja aliniambia kwamba anayeuliza maswali mengi si mnunuzi. Na Rhino nao, nawapenda lakini nakala 5,000 za toleo kwa dunia nzima ni kualika walanguzi. Zinaisha, halafu zinarudi sokoni zikiwa na bei maradufu na plastiki haijafunguliwa.

Kuna watakaouliza mbona sikuiweka juu Mobile Fidelity, kampuni ya santuri za kifahari. Mwaka 2022 ilibainika kwamba matoleo yao mengi, tangu 2011, yalipitia hatua ya dijiti, wakati wateja waliamini ni analogi tupu toka kanda hadi mfereji. Wateja walienda mahakamani, shauri likaisha kwa fidia. Nisiwaonee, sahani zenyewe zinasikika vizuri sana. Ila kumbuka wahakiki wangapi walikuwa wameandika kuhusu "joto la analogi" lile. Ndiyo maana nasema tazama jina la fundi na chanzo kwanza, nyota baadaye.

Nafasi ya pili ni seti zilizomiksiwa upya na mwanamuziki Steven Wilson, za bendi kama King Crimson, Jethro Tull na Yes. Anafungua kanda za kurekodia, sauti ya kila chombo moja moja, na kupanga upya bila kubana, na kikubwa zaidi, seti nyingi huweka miksi ya zamani pembeni bila kuguswa, ulinganishe mwenyewe. Adabu hiyo ni adimu. Mwaka 1987 albamu za mwanzo za ZZ Top zilitolewa kwenye CD zikiwa zimemiksiwa upya, ngoma zikavikwa mwangwi wa miaka ya themanini, na kwa miaka mingi aliyetaka CD akapata hizo. Ozzy Osbourne alienda mbali zaidi: matoleo ya 2002 ya Blizzard of Ozz na Diary of a Madman yalifutwa besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake, wanamuziki wengine wakarekodi mahali pao. Asili ilirudi 2011. Ukiona CD ya albamu hizo kwa bei ya kuvutia, geuza usome mwaka kabla hujatoa pochi.

Ya tatu, maboksi makubwa ya The Beatles. Revolver ya 2022 ni kazi ya ajabu: mwaka 1966 vyombo kadhaa vilirundikwa kwenye njia moja ya kanda, na prodyuza Giles Martin akavitenganisha kwa teknolojia ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wa mwongozaji filamu Peter Jackson. Wahakiki walizimia. Lakini majaribio ya studio yaliyojaa humo utayasikiliza mara moja, pengine mara mbili ukiwa na homa. Kwa kusikiliza albamu yenyewe, santuri za mono (sauti ya mkondo mmoja, si stereo) za 2014, zilizokatwa kutoka kanda za analogi, zinayapita maboksi haya.

Ya nne, CD za miaka ya 1980 zilizotumika. Zilitoka kabla ya vita vya kubana, na bei ni ya chini. Nyingine zilitengenezwa kutoka kanda za nakala na zinasikika zimefubaa. Bahati nasibu, basi.

Mkiani ni santuri za rangi. Wauzaji wanatoa albamu moja kwa rangi tano, kila duka na rangi yake, na hakuna hata moja inayosema chanzo cha sauti. Wanajua mkusanyaji atanunua mbili. Sina zaidi kwao.

Na aliyeniuliza achukue toleo lipi la Raw Power ya The Stooges, bendi ya Iggy Pop: miksi ya David Bowie ya 1973 ni nyembamba, ile ya Iggy Pop ya 1997 imebanwa hadi sauti inapasuka. Wahakiki wamegawanyika, wengi wakimsifu Iggy kwa ukali wake. Chukua ya Bowie, toleo la 2010, uongeze sauti mwenyewe kwenye amplifaya.